Michoro ya kihandisi ya PDP-8 na ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu michoro gani?

Michoro ya kompyuta ndogo za Digital Equipment Corporation (DEC) za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, hasa familia ya PDP-8. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1957 na Ken Olsen na Harlan Anderson, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu mjini Maynard, Massachusetts. PDP-8 ya kwanza ilitoka mwaka 1965: biti 12, kumbukumbu ya maneno 4,096 ya viini vya sumaku, mzunguko mmoja wa kumbukumbu ukichukua mikrosekunde 1.5. Baadaye zikaja 8/S (1966), 8/I na 8/L (1968), 8/E (1970) na nyinginezo. Majina yanafanana, lakini ndani ni mashine tofauti, na mchoro wa moja mara nyingi hausaidii kutengeneza nyingine.

Michoro yenyewe iko wapi?

Mkusanyiko mkubwa uko Computer History Museum, Mountain View, California. DEC ilikuwa na makumbusho yake tangu mwaka 1979. Yakahamia Boston mwaka 1984 kwa jina la The Computer Museum, na yalipofungwa, vitu vyake vya kihistoria vikapelekwa California. DEC ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, nayo Compaq ikaungana na HP mwaka 2002. Kumbukumbu za kampuni zikaishia kwenye makumbusho hayohayo. Nakala nyingi zilizoskaniwa zinapatikana bure kwenye hifadhi ya Bitsavers, inayosimamiwa na Al Kossow. Anzia huko kabla ya kumwandikia mtunza nyaraka yeyote. Mara nyingi unachokitafuta kimeshaskaniwa, ila kimefichwa mwishoni mwa kitabu cha matengenezo chenye kurasa mia kadhaa.

Namba kama D-BS-8I-0-2 inasomwaje?

Herufi ya kwanza ni ukubwa wa karatasi. A ni inchi 8.5 × 11, B ni 11 × 17, C ni 17 × 22, D ni 22 × 34, E ni 34 × 44. Herufi mbili zinazofuata ni aina ya mchoro:

- BS: mchoro wa mantiki wa mashine au sehemu yake, unaoonyesha mageti (saketi ndogo za mantiki) na jinsi yanavyounganishwa
- CS: saketi ya kadi moja, yenye resista, dayodi na transista zote
- MU: ramani ya kadi ipi inakaa soketi ipi
- WL: orodha ya nyaya za paneli ya nyuma
- FD na TD: mtiririko wa maagizo, na mpangilio wa muda wa mapigo
- UA na PL: jinsi vipande vinavyofungwa pamoja, na orodha ya vipuri

Kisha linafuata jina la kifaa, hapa PDP-8/I, na namba za mwisho za kutofautisha mchoro mmoja na mwingine wa aina ileile. Katika vitabu vya PDP-8 ya kwanza utakutana pia na RS, yaani saketi ya kadi iliyochorwa kwa ajili ya fundi anayebadilisha vipuri.

Ukiomba "mchoro wa PDP-8/I" bila namba, mtunza nyaraka hana la kukupa, maana seti moja ina karatasi nyingi mno. Taja namba nzima pamoja na herufi ya toleo.

Herufi ya toleo ina uzito gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza siku zao. Kila mchoro wa DEC una kisanduku kwenye kona ya chini kulia, na ndani yake kuna herufi ya toleo pamoja na orodha ya maagizo ya mabadiliko ya kihandisi, yaliyofahamika kiwandani kama ECO. ECO moja inaweza kuwa jambo dogo, kama kubadilisha thamani ya kapasita. Inaweza pia kukata njia ya shaba kwenye kadi na kuunganisha waya mahali pengine, au kuhamisha nyaya kadhaa kwenye paneli ya nyuma.

Kadi nazo zina matoleo mawili yanayokwenda kila moja kwa njia yake. Toleo la njia za shaba limechapwa kwenye shaba yenyewe, hivyo halibadiliki. Toleo la saketi ndilo linalopaswa kulingana na mchoro wa CS, na kwa kawaida limegongwa muhuri au kuandikwa kwa mkono kwenye mshikio wa kadi. Kadi iliyotoka kiwandani na toleo moja, ikatengenezwa uwandani baadaye, inaweza kuwa na shaba ya zamani na saketi mpya. Ndiyo maana unakuta waya mwembamba umeruka kutoka pini hadi pini upande wa nyuma. Usiung'oe ukidhani ni kazi ya fundi mbovu. Kwanza utafute kwenye orodha ya ECO.

Ukikosa mchoro wa toleo lako, tumia ulio karibu nalo zaidi, lakini andika tofauti zote pembeni kabla hujapima chochote. Mchoro mpya zaidi si lazima uwe bora kwako. Kwa mashine iliyotoka kiwandani mwaka 1968 ambayo haikuwahi kuguswa, toleo la mwisho kabisa la mchoro linaonyesha mashine ambayo wewe huna.

Almasi ndogo nyeusi na nyeupe mwishoni mwa mistari zina maana gani?

PDP-8 ya mwaka 1965 ilitumia kadi za saketi ambazo DEC iliziita Flip Chip, za mfululizo wa R na S. Saketi zake ni za dayodi na transista, na viwango vyake viwili ni volti 0 na takriban volti −3. Mchoro haukuandikii volti. Unakuonyesha kwa alama ni kiwango kipi kinachohesabiwa kuwa "ndiyo":

almasi tupu maana yake ishara ipo inapokuwa volti 0. Almasi iliyojazwa wino maana yake ishara ipo inapokuwa volti −3. Pembetatu ni mapigo badala ya viwango vya kudumu: tupu ni pigo la kupanda kuelekea 0, iliyojazwa ni pigo la kushuka kuelekea −3.

Kwa hiyo geti moja lilelile linaweza kuchorwa kama NA (AND) mahali pamoja na kama AU (OR) mahali pengine, kwa sababu mchoraji alikuwa anaeleza kazi ya geti pale lilipo. Aliyezoea vitabu vya leo huona hilo kama kosa. Si kosa, na ukishazoea utaona linarahisisha kusoma.

Kwenye 8/I na mashine zilizofuata, zenye saketi jumuishi za TTL kwenye kadi za mfululizo wa M, utaratibu uliokuja kushika ni wa kuweka herufi H au L mwishoni mwa jina la ishara: H ikiwa ishara ipo volti inapokuwa juu, L inapokuwa chini. Angalizo kwa wenye 8/I: ndani ni TTL, lakini basi (njia ya pamoja ya ishara) ya vifaa vya nje ilitolewa kwa namna mbili, hasi na chanya. Kabla ya kuunganisha kifaa chochote, hakikisha mchoro ulio nao ni wa basi iliyomo kwenye mashine yako. Volti −3 kwenye mguu wa chipu ya TTL inaiua.

Kwa nini pini zinaruka herufi G, I, O na Q?

Ziliachwa kwa sababu mtu huzichanganya na C, 1, 0 na nyinginezo. Soketi ya kadi ya kimo kimoja ina pini 18 kila upande: A B C D E F H J K L M N P R S T U V. Kadi za mwanzo zilitumia upande mmoja tu. Kwenye kadi za M zinatumika pande zote mbili, kwa hiyo kuna A1 na A2, B1 na B2, hadi V1 na V2.

Umeme una nafasi zake. Kwenye kadi za R, pini A ni +10 V, B ni −15 V na C ni ardhi. Kwenye kadi za M, A2 ni +5 V, B2 ni −15 V, C2 na T1 ni ardhi. Ukipima kitu tofauti na hapo, simama. Ama umehesabu kutoka upande usio sahihi, ama kuna hitilafu ya kweli.

Nawezaje kufuata ishara moja kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mashine?

Tuseme unatafuta ishara fulani ya 8/I, na mchoro wa BS unaonyesha geti lililoandikwa M113 na E24, huku mstari wa kutokea ukiwa na K2.

1. Fungua MU uhakikishe kuwa soketi E24 inapaswa kuwa na M113. Kisha tazama mashine yenyewe. Kadi iliyorudishwa kwenye soketi ya jirani ni tatizo la kawaida kuliko transista iliyokufa.
2. E ni safu, 24 ni nafasi, K ni pini, 2 ni upande. Paneli ya nyuma unaitazama kutoka upande wa nyaya, kwa hiyo kushoto na kulia vimegeuka. Anza kuhesabu kwa kutafuta pini za umeme. A2 ya soketi yoyote itakuonyesha uko wapi.
3. Kwenye WL tafuta jina la ishara. Utapata pini zote zinazoishiriki kwa mpangilio wa waya, pamoja na ngazi ya kila waya, ya chini au ya juu kwenye pini.
4. Mashine ikiwa imezimwa, pima kwa mita kati ya pini zote hizo. Ikikosekana moja, waya umekatika, au ECO imeuhamisha.
5. Hapo ndipo uwashe na uweke osiloskopu.

Hatua ya tatu ina mtego. Nyaya zilizungushwa kwenye pini na mashine za Gardner-Denver zinazojiendesha zenyewe, na waya wa ngazi ya chini hauwezi kutoka mpaka utoe kwanza wa juu yake. Waya uliowahi kufunguliwa usiuzungushe tena ncha ileile. Shaba imeshajikunja na itakatika. Weka mpya.

Jambo jingine dogo: pini U1 na V1 za M113 hutoa +3 V ya kufungia miguu ya mageti isiyotumika. Mchoro wa mantiki unaweza kuonyesha mstari unaoishia hapo bila jina lolote. Mstari huo haujakatwa.

Mbona kwenye 8/E sioni orodha ya nyaya?

Kwa sababu paneli yake ya nyuma si ya nyaya. Inaitwa Omnibus, ni bodi ya shaba iliyochapwa, na kila soketi ina pini 144, kati yake 96 zikiwa za ishara. Ishara ni zilezile kila mahali, hivyo jedwali moja linatosha. Unachohitaji ni michoro ya CS ya kadi zenyewe: M8300 kwa rejesta kuu, M8310 kwa udhibiti wake, M8330 kwa mapigo ya muda, M8320 ya kufungia basi, M8650 kwa teletaipu, na kundi la kumbukumbu G104, H220 na G227, ambazo huangaliwa pamoja.

Biti 0 ni ipi?

Ya kushoto kabisa, yenye thamani kubwa. Kwenye PDP-8, biti za rejesta ya mahesabu huitwa AC: AC0 ni biti ya juu na AC11 ni ya chini; PDP-11, mashine nyingine ya DEC, ikageuza, biti 15 ikawa ya juu. Anwani za kumbukumbu na misimbo ya maagizo huandikwa kwa mfumo wa nane; namba za biti ni za kawaida. Kadi ya M220 ya 8/I na 8/L hubeba biti mbili za rejesta kuu, kwa hiyo zipo sita. Hilo ni zawadi kwa fundi: biti zikiharibika mbili jirani, badilishana M220 mbili uone kama ugonjwa unahama.

Karatasi za aina gani zimo, na zitunzwe vipi?

Kwenye folda moja unaweza kukuta nne au tano, na hazifai kulala pamoja.

Nakala za diazo, zilizotengenezwa kwa mvuke wa amonia, zina mistari ya bluu, nyeusi au zambarau juu ya karatasi yenye rangi kidogo, na wakati mwingine harufu yake bado ipo. Zinafifia kwa mwanga na kutoa kemikali zinazochafua jirani zake. Zipe folda yake. Sainotaipu, yenye mistari myeupe juu ya bluu, haivumilii alkali: karatasi za kuhifadhia zilizotiwa chokaa, ambazo ni nzuri kwa nyaraka nyingine, huila rangi yake. Itumie karatasi isiyo na asidi na isiyo na chokaa pia. Mchoro wa penseli juu ya filamu ya poliesta usiwekwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu umeme tuli hunyanyua penseli. Nakala za tona usizitie kwenye mifuko ya PVC. Tona hunata kwenye plastiki na kubaki huko.

Toa raba, klipu na pini za chuma. Gundi-tepu ya zamani iache ilivyo mpaka aje mhifadhi aliyesomea kazi hiyo. Karatasi iliyokaa imekunjwa kama bomba kwa miaka 50 usiinyooshe kwa nguvu. Huwekwa kwanza kwenye unyevu wa taratibu ilegee, kisha ikalazwa chini ya uzito. Chumba kiwe nyuzi 18 hadi 21, unyevu asilimia 30 hadi 50, droo bapa, giza.

Niskani kwa dpi (nukta kwa inchi) ngapi?

Kwa karatasi ya ukubwa wa asili, 400 zinatosha. Ukubwa wa D kwa dpi 400 ni pikseli 13,600 × 8,800, karibu MB 120 kwa rangi za kijivu kabla ya kubanwa. Herufi za inchi 3/32 zinapata urefu wa pikseli 37 hivi.

Hali hubadilika kwenye vitabu vya matengenezo, ambamo karatasi ya D imepunguzwa nusu ikawa B. Herufi hizo sasa zina milimita 1.2, na kwa dpi 300 zinabaki pikseli 14. Hapo R na P, 3 na 8, huanza kufanana. Tumia 600.

Kosa kubwa kuliko dpi ndogo ni kuskani moja kwa moja kwa nyeusi na nyeupe tupu. Kwenye diazo yenye usuli mzito, almasi tupu hujaa wino na kuwa almasi nyeusi. Picha itaonekana safi na ya kupendeza, na itakuwa inasema kinyume cha mchoro. Skani kwa kijivu, au kwa rangi kama kuna alama za penseli, tunza faili hilo kama asili, kisha ndipo utengeneze nakala ndogo ya nyeusi na nyeupe kwa ajili ya kusomea. Kwa nakala hiyo tumia mbano wa Group 4. Epuka JBIG2 inayopoteza taarifa: hiyo hubadilisha herufi kwa nyingine inayofanana nayo, na mwaka 2013 David Kriesel wa Ujerumani alionyesha hadharani mashine za kunakili zikigeuza tarakimu 6 kuwa 8 kwa sababu hiyo. Kwenye orodha ya nyaya, hilo ni janga.

Weka rula ndani ya kila picha.

Ninazo kadi zilizotobolewa zenye kipande cha maikrofilamu. Skana ya kawaida inatosha?

Kwa kusoma, labda. Kwa kuhifadhi, hapana. Mchoro wa D uliopunguzwa mara 24 unakuwa milimita 36 × 23. Kupata sawa na dpi 400 za asili unahitaji dpi 9,600 halisi juu ya filamu, na skana za mezani zinazotangaza namba hiyo hazifikii nusu yake kwa ukweli. Kamera yenye pikseli 8,256 kwa upande mrefu na lenzi ya 1:1 inakupa takriban dpi 240 za asili. Piga vipande kadhaa vinavyopishana kwa 2:1 uviunganishe, utafika 480.

Kabla ya yote, nusa. Harufu ya siki ni filamu ya asetati inayooza, na itaozesha nyingine zilizo karibu. Itenge na iskani kwanza.

Kuna maandishi ya penseli nyekundu juu ya mchoro. Nifute?

Usifute kamwe. Kila mashine ilisafirishwa na seti yake ya michoro, na fundi wa matengenezo aliandika humo alichobadilisha. Ndiyo maana seti ya mashine yenye namba yake ya mfululizo ina thamani kuliko nakala safi ya kiwandani. Andika kwenye kumbukumbu ya katalogi: namba kamili, toleo, karatasi ya ngapi kati ya ngapi, aina ya karatasi, mashine ilikotoka, na kama ina maandishi ya mkono.

Michoro inatosha kuiwasha mashine iliyolala miaka 40?

Inatosha kukuambia upime wapi. Toa kadi zote kwanza, pima ugavi wa umeme ukiwa na mzigo wa bandia, na kapasita kubwa za elektroliti zipandishiwe volti polepole. Ukikuta transfoma ya feroresonanti, tazama mchoro wake: inakwenda na masafa maalumu, na ya 60 Hz ya Marekani haitatoa volti sahihi kwenye 50 Hz ya Afrika Mashariki au Ulaya hata ukiipa volti 115 kamili.

Naweza kutengeneza kadi mpya kwa kufuata CS?

Ndiyo, na wapenzi wa mashine hizi hufanya hivyo. Usichukue vipimo kutoka kwenye picha ya karatasi, kwa sababu karatasi hupanuka na kusinyaa kwa unyevu. Pima kadi halisi. Pini zake zimepishana inchi 0.125. Michoro ya njia za shaba ilichorwa kubwa kuliko kadi, kwa hiyo soma kipimo kwenye kisanduku kabla ya kuchapa.

Na haki za kunakili?

Makumbusho kumiliki karatasi si kumiliki haki zake. Michoro mingi ya DEC ina onyo la kutonakiliwa wala kutumika kutengenezea bidhaa za kuuza bila idhini. Sheria ya Marekani inatofautisha kilichochapishwa bila tangazo la haki kabla ya 1978, kilichochapishwa kabla ya 1964 bila haki kuhuishwa, na ambacho hakikuwahi kuchapishwa kabisa. Kwa kujifunza na kutengeneza mashine yako, pakua usome. Kwa kuuza kadi au kuchapisha kitabu, andikia makumbusho ukitaja namba ya katalogi ya kila mchoro na matumizi yake.

Nikitaka kuona asili kwa macho?

Kituo cha utafiti cha Computer History Museum kiko Fremont, si kwenye jengo la maonyesho, na mtu huenda kwa miadi. Nenda na namba za katalogi, penseli badala ya kalamu, na orodha fupi. Michoro ya E inahitaji meza nzima kwa karatasi moja, na kila moja hufunguliwa na kurudishwa kabla ya nyingine kutolewa.